Anza na Ngozi: Miezi Minane ya Kutafuta Picha kwa Mwanga na Sauti

Picha iliyotufurahisha kuliko zote ilikuwa ya uongo. Ilionyesha mstari mweupe, mwembamba, kwenye kina cha sentimita 4 ndani ya bonge la nyama bandia, yaani jeli ya kujaribia badala ya mwili, na kila aliyechungulia kwenye kompyuta alipiga makofi, maana kupeleka mwanga sentimita 4 na kurudishiwa picha si jambo dogo. Wiki tatu baadaye ndipo ilipobainika kwamba kijiti cha penseli tulichokuwa tunakitafuta kilikuwa kwenye sentimita 2, pale pale tulipokizika. Mstari ule ulikuwa mwangwi, na sauti iliyozaa mwangwi huo ilitoka kwenye ngozi bandia tuliyolifunika bonge hilo.

Maelezo haya tunawaandikia mafundi, wanafunzi na watu wa maabara wa Arusha na Moshi wanaotaka kujenga meza ndogo ya fotoakustiki, yaani ya kupiga picha ndani ya mwili kwa kuingiza mwanga na kupokea sauti. Tuliijenga Arusha kwa vifaa vya mtumba na vya dukani. Makosa mengi yaliyotugharimu yangeepukika kama mtu angetuambia mapema jambo moja: anza na ngozi.

Kwanza ujue kwa nini mwanga peke yake hautoshi. Washa tochi ya simu uibane chini ya kidole. Kidole kinawaka chekundu kama kaa, ila mfupa huuoni. Mwanga umepita, lakini umetawanywa mno njiani. Ndani ya milimita moja hivi ya nyama unakuwa umeshasahau ulikuwa unaelekea wapi. Sauti ya altrasaundi hutawanywa kidogo sana, pengine mara mia hadi elfu pungufu kuliko mwanga. Basi mwanga unapewa kazi ya kuingia, sauti inapewa kazi ya kutoka. Mpigo wa leza wa nanosekunde chache, yaani sehemu chache za bilioni za sekunde, unafika kwenye damu, damu inaufyonza na kupata joto kidogo mno, sehemu ya elfu moja ya nyuzi, inatanuka ghafla, na kutanuka huko ndiko kunakozaa wimbi la sauti. Joto hilo dogo linatosha kuleta shinikizo la takriban paskali 800, na probu ya altrasaundi, yaani kifaa cha kupokelea sauti hiyo, inalisikia. Sauti hutembea kama milimita 1.5 kwa kila maikrosekunde, kwa hiyo ukijua muda umejua kina.

Jambo lenyewe ni la zamani. Alexander Graham Bell alilieleza mwaka 1880, alipogundua kwamba vitu vikimulikwa kwa mwanga unaokatwakatwa vinatoa sauti. Kilichochelewa ni leza ya mpigo mfupi na vifaa vya kupokelea, ndiyo maana picha za mwilini zilianza kushika kasi miaka ya 1990. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha mashine iitwayo Imagio kwa ajili ya uvimbe wa matiti. Kwa hiyo unaposikia watu wanaiita ndoto, si ndoto.

Mpigo lazima uwe mfupi kwa sababu ya kipimo cha kitu unachokitafuta. Katika nanosekunde 10 sauti inatembea milimita 0.015 tu; katika nanosekunde 100 inatembea milimita 0.15. Mpigo ukiwa mrefu kuliko muda wa sauti kuvuka mshipa, shinikizo linavuja kabla halijajengeka.

Leza tuliyomudu ilikuwa mashine ya mtumba ya kufutia tatuu, ile inayotoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064 na, ukibadilisha kichwa, 532. Hadi inafika Arusha ilikuwa imekula shilingi milioni 3 na laki 2, zaidi ya nusu ya fungu lote. Tunaeleza hili kwa uwazi kwa sababu leza mpya ya maabara ina bei nyingine kabisa, na wengi hukata tamaa hapo. Mashine za tatuu zinafaa kwa kuanzia, lakini zina tabia tatu ambazo hakuna anayekwambia ukinunua.

Ya kwanza ni namba kwenye kibandiko. Yetu iliandikwa milijuli 500 za nishati kwa mpigo. Kipimo cha kuazima kilionyesha 180. Usifanye hesabu yoyote ya usalama wala ya kina kabla hujapima mwenyewe.

Ya pili ni kwamba ndani kuna fuwele inayozuia mwanga mpaka nishati ijae, kisha inafunguka yenyewe. Huwezi kujua hasa ni saa ngapi itafunguka. Tulipoanza kurekodi kwa kufuata waya wa taa iliyo ndani ya leza, kila mpigo ulikuja na muda wake na wastani wa mipigo 64 ukatoa uji mtupu. Dawa yake ni fotodayodi, kihisi mwanga cha bei ndogo, iliyotazama mwanga uliodunda kwenye kipande cha karatasi nyeupe. Hiyo ndiyo iiambie osiloskopu, kifaa kinachorekodi ishara za umeme, ianze. Toka siku hiyo mistari ilisimama.

Ya tatu ilitutesa kuliko zote mbili. Taa ikipewa umeme mwingi, fuwele inafunguka mara mbili ndani ya mmweko mmoja. Unapata mipigo pacha inayopishana maikrosekunde kadhaa, na kila kitu kwenye picha kinaonekana mara mbili. Yetu ilipishana maikrosekunde 20, yaani sentimita 3 kwenye picha. Punguza umeme wa taa hatua kwa hatua huku ukitazama fotodayodi mpaka ubaki mwiba mmoja wa ishara, na programu yako iutupe mpigo wowote wenye miiba miwili. Pia igawanye kila ishara kwa ukubwa wa mwiba wake, kwa sababu nguvu ya mashine hizi hupanda na kushuka.

Hapa tusimame kwenye usalama, na tunaomba usirukwe. Mwanga wa 1064 hauonekani, lakini lenzi ya jicho inaukusanya kwenye retina kama ule unaoonekana. Hutasikia maumivu, utabaki na doa lisilopona. Mdundo kutoka kwenye pete, saa ya mkononi au uso wa maji unatosha. Miwani ya kuchomelea si kinga ya mwanga huu. Nunua miwani iliyoandikwa 1064 na 532 kwenye lenzi, yenye kiwango cha kuzuia cha 6 au zaidi kwa nishati kama hii, na inunuliwe kabla ya leza kuwashwa kwa mara ya kwanza. Vua pete na saa, funga mlango, weka meza chini ya usawa wa macho ya aliyeketi. Na ukifungua kasha la mashine, ujue kwamba kapasita zake zinashika umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Subiri, zimwage kwa rezista, kisha hakikisha kwa mita kabla hujaingiza mkono. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ina ofisi hapa hapa Arusha. Kawaulize taratibu mapema, kabla hujawa na chumba chenye leza.

Kichwa cha mashine ya tatuu kina lenzi inayobana mwanga hadi doa la milimita chache. Kwa kazi hii unataka kinyume chake. Tuliitoa lenzi, tukaweka kipande cha kioo cha ukungu, na doa likawa duara la sentimita 2. Kuona umbo la doa, fukiza karatasi nyeupe juu ya koroboi mpaka iwe nyeusi ti, iweke kwenye njia ya mwanga na upige mara moja. Utasikia mlio mkavu kama ukucha unaogonga meza, na pale mwanga ulipopita masizi yataruka yabakize weupe. Weupe wetu wa kwanza ulikuwa na umbo la mwezi mchanga, maana yake kioo kimoja ndani kilikuwa kimepinda. Milijuli 180 kwenye duara la sentimita 2 ni kama milijuli 57 kwa sentimita ya mraba. Kikomo cha ngozi kinachotumika kimataifa kwa mipigo ya nanosekunde ni milijuli 100 kwa sentimita ya mraba kwa 1064, na 20 tu kwa 532. Zishike hizo namba mbili, tutazirudia.

Nyama bandia ndiyo kazi ya jikoni, na ndiyo inayofurahisha zaidi. Kwa lita moja ya maji yaliyochujwa tulitumia gramu 15 za aga, unga wa mwani unaogandisha maji. Maji ya Arusha, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100. Aga inayeyuka hata hivyo, ila ipe dakika 10 za moto mdogo, sufuria limefunikwa, mpaka majimaji yawe maangavu. Kuchemsha huko kunafukuza pia hewa iliyoyeyuka kwenye maji. Acha ipoe mpaka nyuzi 50 hivi, kisha ongeza mililita 50 za ile mafuta ya dripu ya asilimia 20 ambayo hospitali humpa mgonjwa asiyeweza kula. Ukiweka ikiwa ya moto sana inaganda madonge. Ukichelewa hadi chini ya 40, aga inashika kabla hujakoroga. Koroga polepole bila kupiga povu, mimina kwa kuiteremsha ukutani mwa chombo. Kapovu kamoja ka milimita moja kanazuia sauti kama mfupa.

Maziwa tuliyajaribu kwa sababu mafuta ya dripu si rahisi kuyapata. Ya ng'ombe wa jirani yanatanda malai juu, kwa hiyo upande wa juu wa bonge unatawanya mwanga kuliko wa chini. Ya pakiti ni afadhali, lakini ndani ya siku mbili yamechacha. Kwa mazoezi yanatosha. Kwa kipimo unachotaka kukirudia wiki ijayo hayafai.

Kosa jingine la jikoni: mtu alileta mwani mkavu wa Unguja akidhani atatoa aga. Mwani unaolimwa Zanzibar hutoa karajinani, jeli nyingine kabisa. Ule wa spinosamu unatoa jeli laini inayotikisika, na wa kotonii unahitaji chumvi ya potasiamu ndipo ukaze. Si vibaya, ila usifuate vipimo vya aga. Jelatini nayo ni nzuri asubuhi ya Julai pale Tengeru. Mchana wa Februari Moshi inakuwa uji.

Kuhusu weusi wa kuweka ndani, tahadhari: wino unaoonekana mweusi machoni si lazima uwe mweusi kwa leza. Wino mwingi wa kalamu na wa printa ni rangi tu, na kwa nanomita 1064 unapitisha mwanga kama maji. Vivyo hivyo nyuzi nyeusi za nailoni. Wiki nzima tulitafuta uzi wa kuvulia samaki ambao leza haikuuona. Tumia kaboni: masizi ya koroboi yaliyosagwa na tone la sabuni ya vyombo, au vijiti vya penseli ya kubonyeza vya milimita 0.7.

Upande wa sauti tutaupitia haraka, kwa kuwa mtu yeyote aliyewahi kuhangaika na redio ataelewa. Probu yetu ilikuwa ya kukagulia nyufa za vyuma, megahezi 5, kipande kimoja. Ishara yake ni ndogo, maikrovolti hadi milivolti, kwa hiyo kikuza ishara kikae sentimita chache tu kutoka kwenye probu, ndani ya kopo la bati la biskuti lililounganishwa na waya wa athi. Vyuma vyote viende kwenye athi moja tu. Ukiwa na mbili, waya zenyewe zinakuwa antena. Kompyuta itumie betri yake wakati wa kurekodi. Kelele ya taa ya leza inafika papo hapo, kwa muda sifuri, wakati sauti ya kitu kilichoko sentimita 3 inafika baada ya maikrosekunde 20, kwa hiyo ukiinua probu ndani ya maji sentimita 3 juu ya nyama, kelele inakuwa imeshatulia kabla ishara haijafika. Bandika pia karatasi ya alumini ya jikoni usoni mwa probu kwa tabaka jembamba la jeli ya altrasaundi. Bila hiyo, mwanga uliotawanyika unaipiga probu yenyewe, nayo inalia kama ngoma.

Tulisogeza probu kwa reli za printa mbovu, hatua za milimita 0.5 kwa urefu wa sentimita 4. Mipigo 64 kwa kila kituo, mipigo 5 kwa sekunde, vituo 81: dakika 17 hivi kwa picha moja. Wastani wa mipigo 64 unapunguza kelele mara 8, si mara 64, na kuipunguza mara 8 nyingine kunahitaji mipigo 4,096, jambo ambalo halina faida kwa mashine ya kasi hii. Hifadhi data ya kila kituo papo hapo. Umeme ukikatika dakika ya 15, na utakatika, hutaki kuanza upya.

Miezi mitano ikapita hivyo, na picha zikawa zinatoka. Vijiti vya penseli kwenye sentimita 1, 2, hata 2.5. Tulijiona tumefika. Kumbe nyama yetu bandia haikuwa na ngozi.

Vipimo vingi vinavyosambazwa vya nyama bandia havina tabaka la juu lenye melanini, ile rangi nyeusi ya asili ya ngozi, au vinalo la ngozi nyeupe. Lakini melanini ndiyo kitu cha kwanza mwanga unachokutana nacho kwa mtu wa huku. Katika ngozi nyeupe, vichembe vyenye melanini huchukua kama asilimia 1 hadi 6 ya ujazo wa epidemisi, tabaka la juu la ngozi. Katika ngozi nyeusi sana, asilimia 18 hadi 43. Piga hesabu ya epidemisi ya mikromita 60 yenye asilimia 30. Kwa 532, inapita theluthi moja na ushee tu ya mwanga. Kwa 1064, inapita tisa ya kumi. Sasa zizidishe kwa vile vikomo viwili: 20 kwa theluthi ni kama milijuli 7, 100 kwa tisa ya kumi ni kama 90. Kwa mtu huyu, 1064 inaruhusu kuingiza mwanga mara 12 zaidi. Kwenye bonge letu lisilo na ngozi tofauti hiyo haikuonekana kabisa, na kwa miezi miwili tulikuwa tumehangaika na 532 kwa sababu tu doa lake la kijani linaonekana na ni rahisi kulielekeza.

Na mwanga unaofyonzwa na ngozi haupotei kimya. Unageuka sauti. Ngozi inapiga kelele ya kwanza na kubwa kuliko zote. Nusu ya sauti hiyo inapanda kwenye probu, nusu inashuka ndani, inagonga chochote kigumu, na kurudi. Hapo ndipo uongo wa sentimita 4 ulipotoka. Tulikuwa tumemimina ngozi ya aga na masizi, nyeusi kuliko inavyotakiwa. Sauti yake ilishuka sentimita 2 hadi kwenye kijiti, ikapanda tena sentimita 2, ikafika kwa muda ule ule ambao kitu halisi cha sentimita 4 kingefika. Sauti halisi ya kijiti ilikuwepo kwenye sentimita 2, hafifu, imezama kwenye mitetemo ya ngozi, na hatukuitazama kwa sababu mstari wa chini ulipendeza zaidi.

Kipimo cha kuumbua uongo huu ni rahisi na hakina gharama. Inua kitu chako milimita 5 kuelekea juu, rekodi tena. Mstari halisi utapanda milimita 5. Mwangwi wa ngozi utapanda milimita 10, kwa sababu sauti yake inakwenda na kurudi. Wetu ulipanda 10. Mstari unaotoka kwa mwangwi wa sakafu ya chombo utashuka badala ya kupanda. Na mstari usioondoka hata ukiziba leza kwa kadi nyeusi ni umeme tu. Kagua yote matatu kabla hujamwonyesha mtu picha.

Kwenye mwili huwezi kuinua mfupa, lakini unaweza kuibonyeza probu taratibu: tishu laini zinasogea, na mwangwi unasogea tofauti na vitu halisi. Unaweza pia kuhamishia mwanga pembeni kwa sentimita 1 hadi 2, usiangukie ngozi iliyo chini ya probu, ili kelele ya ngozi ifike kutoka upande. Kwetu njia hii ya pili ilisaidia kuliko uchujaji wowote wa kompyuta.

Masizi yana kasoro nyingine. Yanafyonza 532 karibu mara mbili tu ya 1064, wakati melanini inafyonza 532 mara 11. Ngozi ya masizi iliyo sahihi kwa mwanga mmoja ni batili kwa mwingine. Tulichokuja kukitumia ni wino wa ngisi, ambao ni melanini halisi. Ngisi wa barafu wanaofika Arusha mara nyingi wameshasafishwa, kwa hiyo muulize muuza samaki mapema: "Shikamoo mama, naomba ngisi ambaye hajatolewa wino." Atashangaa, lakini atakuwekea. Kamua kifuko kwenye maji safi, zungusha kwenye sentrifuji, mwaga maji ya juu, rudia mara tatu mpaka chumvi na utelezi viishe. Changanya na aga ya asilimia 2, mimina kati ya vioo viwili vilivyotenganishwa kwa vile vioo vyembamba vya hadubini vya milimita 0.17, na pima kwa fotodayodi: lenga tisa ya kumi kwa 1064. Ngozi zinachanika kirahisi. Tengeneza kumi ili upate nne.

Tengeneza pia isiyo na wino kabisa. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha magonjwa ya ngozi ambako yalianza kutengenezwa mafuta ya kujikinga na jua kwa watu wenye ualbino. Kwenye foleni moja ya hospitali atakuwepo mtu asiye na melanini na mtu mweusi ti, na mashine inayomwona mmoja tu haijakamilika. Hili si la kinadharia. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba oksimita za kidoleni, ambazo nazo zinatumia mwanga, ziliukosa upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe. Vifaa hivyo vilikuwa vimetumika miongo mingi. Tukiijenga fotoakustiki kwa nyama bandia isiyo na ngozi, tunalirudia kosa lile lile tukiwa macho.

Mambo mawili ya mwisho ambayo tuliyaona kama maendeleo au hitilafu, kumbe hapana.

Alasiri moja ishara iliongezeka kwa zaidi ya nusu bila mtu kugusa chochote. Asubuhi maji yalikuwa nyuzi 17, alasiri 27. Uwezo wa maji kugeuza joto kuwa shinikizo unapanda sana na joto, kutoka takriban 0.09 hadi 0.15 katika nyuzi hizo, na kasi ya sauti nayo inapanda kutoka mita 1,473 hivi hadi 1,502 kwa sekunde, inayotosha kuhamisha kitu cha sentimita 4 kwa karibu milimita moja. Weka kipimajoto ndani ya maji na uandike namba yake kwa kila picha, vinginevyo hulinganishi chochote.

Tulipozika bomba la plastiki la milimita 3 lenye damu ya ng'ombe kutoka machinjioni, iliyozuiwa isigande kwa heparini, picha ilionyesha mistari miwili yenye utupu katikati. Tulidhani damu imevuja, tukalifukua. Lilikuwa limejaa. Kitu cha milimita 3 kinatoa sauti ya karibu megahezi 0.5, na probu ya megahezi 5 haiisikii. Inasikia kingo tu. Kwa mishipa minene tafuta probu ya megahezi 1 au 2, ukubali picha yenye ukungu zaidi. Kabla ya kununua, jaribu kwenye kompyuta kwa k-Wave, programu ya bure iliyotolewa na Bradley Treeby na Ben Cox. Ingetuokoa wiki hiyo moja na mingine mingi, kwa sababu inakuonyesha hata mwangwi wa ngozi ukiiwekea ngozi.

Kwa sasa, chini ya ngozi ya ngisi, kwa 1064 na mwanga ukiingilia pembeni, tunakiona kijiti cha penseli kwenye sentimita 2.1 na kinapanda milimita 5 tunapokiinua milimita 5. Ni pungufu kuliko 2.5 za bila ngozi, na karibu nusu ya zile 4 tulizoshangilia. Kinachofuata ni paja la mbuzi, lililolowekwa usiku kucha kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9 ili hewa itoke kwenye mikato. Mkono wa mtu haujawekwa chini ya leza hii wala hautawekwa kabla ya kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na ombi hilo litaambatanishwa na vipimo vya ngozi zote mbili, yenye wino na isiyo na wino.